Bibi Alipokwenda Maskati Kuona Mwanawe Anakula Nini

Wengi wetu hapa shuleni tuna jamaa aliye ng'ambo. Tazama darasa letu tu: huyu ana shangazi Saudia, yule ana kaka Dubai, mwingine mamake yuko Uingereza anauguza wazee. Habari za kwenda tumezisikia mpaka masikio yamechoka: pasipoti, ajenti, mkataba, na machozi pale uwanja wa ndege. Lakini habari za mzazi anayefunga safari kumfuata mwanawe huko huko, si kutafuta kazi bali kumtembelea tu, sijaziona zikiandikwa katika jarida letu. Nyumbani kwetu jambo hilo lilitokea Januari mwaka wa 2025. Kwa hivyo nimeonelea niwaeleze safari ya namna hiyo huwaje, mtu hula nini na huona nini, na ni kitu gani kinachoweza kumfanya mama wa miaka 68 apande ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Msafiri ni Bibi yangu, mzaa mama. Aliyetembelewa ni mjomba wangu, mwanawe wa kiume wa pekee. Mjomba ni fundi wa viyoyozi mjini Maskati, nchi ya Omani, tangu mwaka wa 2017. Mikataba mingi ya kazi huko Ghuba huwa ni ya miaka 2, kisha mtu hupewa likizo. Mjomba alikuja mwaka wa 2019, tukamla na kumnywa, akarudi. Halafu korona ikaingia, na mwaka wa 2021 Babu akafariki. Sisi tukifiwa hatungoji. Babu alikata roho alfajiri na alasiri alikuwa keshazikwa. Mjomba alilia kwenye simu hadi simu ikakatika. Likizo yake iliyofuata hakuja, na ile nyingine hakuja, akasema nauli ni heri aitume itusaidie nyumbani. Bibi hakulalamika hata siku moja. Alinyamaza tu. Kisha jioni moja, akiwa anachambua mchele, akasema, "Basi n'takwenda mimi."

Mama akamwuliza, "Huko unakwenda kufanya nini, mama?"

Bibi akajibu, "Nikaone mwanangu yuwala nini."

Tuliangua kicheko, maana kila Ijumaa Mjomba alipopiga simu ya picha alituonyesha sinia la wali limefurika nyama, yeye ameketi kwenye kochi jekundu, nyuma yake pazia refu la dhahabu. Bibi humwuliza, "Umekula?" naye hugeuza simu na kusema, "Ona mwenyewe, mama." Sasa huyu bibi ataka kuona nini zaidi? Lakini wapi! Mtu mzima akiamua ameamua.

Jambo la kwanza katika safari hii ni karatasi, na hapo ndipo wazee wengi hukwama. Pasipoti siku hizi huombwa kupitia eCitizen, na kwa sisi vijana si kazi kubwa. Lakini Bibi alizaliwa nyumbani, mkunga akiwa ni shangaziye, na cheti cha kuzaliwa hakuwahi kukiona. Alizungushwa katika ofisi moja kwa wiki nyingi, leo njoo kesho, kesho njoo na shahidi. Ushauri wangu kwa mwenye mzazi nyumbani ni kwamba cheti kitafutwe mapema, hata kama hakuna safari. Viza ya kutembelea ilikuwa nyepesi, kwani huombwa kwenye mtandao, na mwenyeji wake kule alisaidia kuijaza. Nauli alilipa Mjomba nusu, na nusu Bibi aliitoa katika pesa zake za chama. Alisema hatakwenda kwa mtoto mikono mitupu kama mdai.

La pili ni majira. Omani usiende mwezi wa Juni wala Julai, kwani joto hupita nyuzi 40 na hata watu wa huko hujifungia ndani mchana. Wakati mzuri ni kuanzia Novemba hadi Machi. Bibi alikwenda Januari, akakuta hewa kama ya Mombasa wakati wa kipupwe, na jioni akajifunika leso mbili.

Mzigo wake ulikuwa karibu wote chakula: achari ya maembe, mbaazi kavu, iliki, unga. Juu kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, alitia kofia ya Babu, ile ya kushonwa kwa mkono aliyokuwa akiivaa Ijumaa. Hatukumwuliza ya nini.

Alipanda ndege Mombasa, akabadilisha Addis Ababa, akateremka Maskati ambako saa iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kuhusu chakula cha kwenye ndege amesema kwa ufupi kwamba ni cha mgonjwa. Tuendelee.

Pengine msomaji utajiuliza, bibi asiyejua Kiarabu wala Kiingereza aliishije huko wiki 3? Hapa ndipo klabu yetu ya Kiswahili itafurahi. Maskati kuna watu wengi wanaozungumza Kiswahili, tena cha ndani. Wana-historia wanalijua jambo hili. Waomani waliwatoa Wareno katika ngome yetu ya Fort Jesus mwaka wa 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3. Mnamo mwaka wa 1840 hivi Seyyid Said akauhamishia mji wake mkuu Unguja. Watu wakaoana, wakazaana, wakanena Kiswahili. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka wa 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka wa 1970, familia nyingi zilihamia Omani na lugha yao mfukoni. Mwenyeji wa Bibi alikuwa mama mmoja wa aina hiyo, aliyezaliwa Unguja, ambaye Mjomba alimjua baada ya kumtengenezea kiyoyozi. Alimpokea Bibi mlangoni kwa "Karibu dada yangu, pita ndani," na siku ya pili tu wakaanza kubishana kama kile kitu ni mahamri au maandazi. Ubishi huo haujaisha. Wanaendelea nao kwa simu hadi leo.

Sasa tuje kwenye chakula, maana ndicho kilichompeleka.

Mgeni Omani huanzishwa kwa kahawa na tende. Kahawa yenyewe ni nyepesi, ina iliki, haina sukari, na hutiwa katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Ukimaliza unaongezwa. Ukimaliza tena unaongezwa tena. Bibi, kwa adabu za kwao, alikunywa vikombe 6 akihofia kumvunjia mwenyeji heshima, mpaka moyo ukaanza kumwenda mbio. Kumbe dawa yake ni kukitikisa kikombe kidogo kwa mkono, kulia na kushoto, na mwenye birika anajua umetosheka!

Baada ya kahawa kuna halwa. Sisi wa Pwani tunaijua halwa, lakini hii tunayokula asili yake ni huko. Mwenyeji alimpeleka Bibi akaone ikipikwa. Ni wanga, sukari, samli, zafarani, iliki, maji ya waridi na lozi, vyote katika sufuria kubwa ya shaba, na mwanamume mwenye misuli anaikoroga kwa mwiko mrefu kwa zaidi ya saa 2 bila kupumzika. Akisimama itashika chini. Bibi alisema akaelewa kwa nini bei ni ile.

Mikate ipo ya kila aina, lakini iliyomshangaza ni ule mwembamba kama karatasi. Mpishi huchukua donge la unga mkononi, akalipakaza juu ya bamba la moto kwa kulizungusha, na kinachobaki juu ya bamba ndicho mkate. Hutiwa yai, jibini au asali. Vijana wa huko huujaza krispi zilizovunjwavunjwa (wanafunzi wenzangu, hili tunaweza kulijaribu). Nguru, samaki yule yule wa soko letu, huchomwa mzima akaliwa na wali wa ndimu. Mishkaki ni mishkaki, hata jina hawakulibadilisha sana, na jioni moshi wake unakuita toka mbali. Na ile nyama mashuhuri iitwayo shuwa, Bibi hakubahatika kuila kwa sababu hupikwa sikukuu ya Idi. Alionyeshwa shimo tu. Nyama hupakwa viungo, ikafungwa katika majani ya mgomba, ikazikwa ndani ya tanuri la ardhini kwa siku nzima au mbili. Watu wa mtaa mmoja huweza kutumia shimo moja, kila mwenye nyama na alama yake.

Watu huketi chini kuzunguka sinia moja na kula kwa mkono wa kulia, kwa hivyo Bibi hakujihisi mgeni. Malalamiko yake yalikuwa mawili. Kwanza, wali bila tui la nazi yeye hauiti wali. Pili, ile desturi ya chai. Watu wa Maskati hupenda chai ya maziwa na iliki iitwayo karak, nzuri sana, lakini hununuliwa bila kushuka garini. Unasimama nje ya mkahawa, unapiga honi, na mhudumu anakuja mbio. Bibi aliona aibu. Kila mara alimwambia Mjomba, "Shuka ukamsalimu kwanza."

Nimesema Mjomba, lakini ukweli ni kwamba kutwa nzima hakuwepo. Jambo hili wanaopanga kumwalika mzazi wanalisahau. Mtoto yuko kazini tangu asubuhi hadi magharibi, na mapumziko ya huko ni Ijumaa na Jumamosi, naye Mjomba alipewa Ijumaa pekee. Mzazi aliyezoea kuamka kabla ya jua na kuwa na kazi 10 mbele yake, sasa anaambiwa, "Pumzika, mama." Apumzike na nini? Bibi alinusurika kwa sababu ya mwenyeji wake. Walikwenda sokoni Matrah, karibu na bandari, ambako vichochoro vimeezekwa na ubani wa Dhofar unafuka kila duka, na wanaume wanapita na kofia zilizoshonwa kwa mkono kama za kwetu kabisa. Bibi alisimama akazitazama sana zile kofia. Bei ndizo zilimtesa. Riali 1 ya Omani ni zaidi ya shilingi 300 za Kenya, na Bibi kila alichokishika alikizidisha kichwani, akakirudisha. Walikwenda pia kuuona Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka wa 2001, ambao zulia lake la ukumbi mkubwa lina mita 70 kwa 60 na lilifumwa na wanawake 600 kwa miaka 4. Bibi alivua viatu, akalikanyaga, akasema hapo hata maskini amefika.

Sasa nirudi kwenye kile kilichompeleka. Kuna jambo nimelipita makusudi.

Siku ya kwanza, Bibi alipokaribishwa ndani kwa yule mama wa Unguja, alikalishwa kwenye kochi jekundu. Akainua macho, akaona pazia refu la dhahabu.

Hakusema kitu. Alikunywa kahawa yake. Siku nne akala kila alichopewa na kuyasifu yote. Siku ya tano Mjomba alipokuja jioni, Bibi akamwambia kwa sauti ya chini, "Sasa nipeleke kwako."

Mjomba alijitetea. Mbali. Pamechafuka. Wenzake ni wanaume. Bibi akavaa buibui lake, akaenda akaketi garini.

Mjomba anakaa Ruwi, katika chumba kimoja na wanaume wengine watatu, wawili kutoka Bangladesh na mmoja kutoka India. Vitanda ni vya ghorofa. Jiko ni moja kwa vyumba vitatu. Wale wanaume waliposikia kwamba huyu ni mama, walisimama wote, mmoja akaleta kiti cha pekee kilichokuwepo akakipangusa kwa shati lake. Usiku ule ilikuwa zamu ya yule Mhindi kupika, na chakula kilikuwa dengu na wali. Wanachanga kila mwezi. Asubuhi na mchana, Mjomba alikiri mwishowe, ni mkate na chai. Sinia la nyama lilikuwa la Ijumaa tu, tena la nyumbani kwa yule mama, aliyekuwa akimwita kula kwa huruma yake.

Wanafunzi wenzangu, pesa za chakula cha mchana hapa shuleni, ile githeri mnayoijua nyote, kwangu mimi hutumwa na Mjomba. Nilikuwa nikiisema vibaya githeri hiyo kila siku. Niliposimuliwa habari za mkate na chai nilitoka nje.

Bibi hakutoka nje. Alikula ile dengu. Aliporudi nyumbani alitwambia kuwa ilipikwa na mtu anayejua kukaanga kitunguu, na kwa Bibi hiyo si sifa ndogo. Kisha akaliuliza jiko liko wapi, akalikagua, akaomba sufuria. Alhamisi usiku alikwenda tena na mbaazi zake na unga wake, na wale wanaume wanne wakala mahamri ya kwetu hadi wakalegea. Nazi ilipatikana dukani, ya mkebe. Alisamehe.

Ijumaa yenyewe ndiyo siku waliyokwenda Nizwa, Bibi na Mjomba peke yao, kwa gari la kuazima. Ni mwendo wa kama kilomita 150 kutoka Maskati, barabara laini kama meza, milima mikavu pande zote bila jani. Ilibidi watoke usiku kwa sababu soko la mbuzi la Nizwa hufanyika Ijumaa asubuhi na mapema. Wauzaji hutembeza mbuzi wao kwa kamba wakizunguka duara, wanunuzi wamepanga mstari, na anayemtaka mbuzi humsimamisha mwenyewe, humpapasa mgongo, humfunua meno, huuliza bei. Bibi hakununua, lakini aliwasimamisha watatu.

Hapo karibu kuna ngome ya Nizwa, yenye mnara mnene wa mviringo uliojengwa katika karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif, ambaye aliwafukuza Wareno kutoka Maskati mwaka wa 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyetawala Fort Jesus ilipotekwa. Kwa hivyo mtoto wa Mombasa akifika pale ni kama amekwenda kumsalimu jirani wa zamani. Ndani kuna ngazi zenye mitego, na juu ya milango kuna matundu ambamo walinzi waliwamwagia maadui asali ya tende iliyochemshwa. Bibi alisikitika sana, si kwa maadui, bali kwa ile asali.

Mchana walipumzika kando ya Falaj Daris. Falaj ni mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya ardhi mpaka mashambani kwa mteremko tu, bila pampu, na kila mwenye shamba hupewa maji kwa kipimo cha muda. UNESCO iliorodhesha mifereji 5 ya Omani mwaka wa 2006, na huu ni mmojawapo. Watu huketi kwenye ukingo na kutia miguu. Bibi akatia miguu yake, Mjomba akatia yake.

Hapo ndipo Bibi alipoutoa ule mfuko wa nailoni. Mjomba akaitazama ile kofia, akaivaa, ikakataa. Kichwa cha Babu kilikuwa kidogo. Bibi akacheka, naye Mjomba akacheka, halafu Mjomba akashindwa kucheka. Akauliza, "Mama, ulinikasirikia? Siku ile ya Baba?"

Bibi akamwambia, "Siku ile sikukukasirikia. Hata ungelikuwa Nairobi usingelimuwahi. Nimelikasirikia kochi."

Mengine waliyozungumza Bibi hajatuambia, na Mama amenikataza kuuliza. Walikula wali na nguru njiani, wakaingia Maskati usiku.

Sur hawakufika. Huko ndiko kunakoundwa majahazi, na zamani yalikuwa yakija hadi Mombasa kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Bibi alitaka sana kupaona, lakini Ijumaa ya mwisho Mjomba aliitwa kazini. Kiyoyozi cha mtu kiliharibika.

Bibi alirudi na halwa kilo 2, ubani, na kikombe kimoja cha kahawa kisicho na mkono. Halwa ameificha kabatini na anaitoa kwa kijiko kama dawa. Kofia aliiacha. Mjomba amesema ameitundika juu ya kitanda, ile ghorofa ya chini.

Bado anapiga simu kila Ijumaa, ila siku hizi hupiga akiwa chumbani kwake, na wale wenzake humpungia Bibi mkono. Wiki iliyopita alikuwa yeye zamu ya kupika. Akageuza simu atuonyeshe sufuria. Bibi akavaa miwani, akaisogelea simu, akasema, "Kitunguu kimeungua hicho."